Habari za Enameli katika Mapambo ya Fedha na Dhahabu



Wazee wa Chama walipogawanya kazi ya kuandika kijitabu hiki cha ukumbusho, kila mtu alipewa fungu lake. Mmoja alipewa habari za ujenzi wa msikiti, mwingine habari za madrasa, na mwingine majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Mimi niliomba niandike habari za mapambo ya akina mama, hasa yale yaliyotiwa enameli. Wengine walicheka, wakasema sheikh ameacha vitabu ameshika bangili. Nina sababu yangu, nami nitaieleza kwanza, maana ni deni.

Yapata miaka thelathini iliyopita, nilipokuwa mwalimu kijana pale Bwera, alinijia bibi mmoja mjane, amefunga kitu katika pindo la kanga yake. Alipofungua nikaona bangili ya fedha, pana kadiri ya vidole viwili, imechorwa majani na maua. Majani yalikuwa ya kijani, na mahali pote palipobaki palijazwa buluu nzito, kama mbingu baada ya magharibi mvua ikiisha kunyesha. Alikuwa amepewa na mama mkwe wake siku ya arusi. Naye mama mkwe aliipata kwa mumewe, aliyekuwa akifanya biashara ya chumvi ya Katwe na bidhaa za pwani.

“Mwalimu,” akasema, “hii ni fedha. Nimekaa nayo tangu niolewe, na sijaitolea zaka hata mwaka mmoja. Tena mjukuu wangu amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nifanye nini?”

Nalimjibu kwa haraka ya ujana. Nikamwambia, “Mama, fedha ni fedha. Iuze kwa uzani, ulipe karo ya mtoto, na kitakachobaki ukitolee sadaka.” Nikafuatana naye mpaka kwa mnunuzi wa vyuma. Yule bwana akatandika gazeti, akaiweka bangili juu ya jiwe, akashika nyundo ndogo akaanza kuigonga. Buluu yote ikabanduka, na kijani ikaifuata. “Silipi kioo,” akasema. Alipoipima ikatoka tola tano na kitu, akatoa shilingi, na biashara ikaisha. Yule mama akavikusanya vile vipande kimoja kimoja, akavifunga katika pindo la kanga. Njiani hakusema neno mpaka tulipokaribia kwake. Ndipo aliponiuliza:

“Mwalimu, na ile buluu ilikuwa bei gani?”

Sikuwa na jawabu. Akavitia vipande katika kiberiti kitupu, akanipa. “Chukua wewe, maana wewe una vitabu.” Yeye amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Haya niandikayo ndiyo jawabu lake, nalo limechelewa.

Basi enameli ni nini? Karibu kila nyumba ya kwetu imepata kuwa na bakuli jeupe la chuma lenye ukingo wa buluu, au birika la chai la namna hiyo. Likianguka sakafuni hubanduka kipande, chuma cheusi kikaonekana, na kutu ikaingia. Ule weupe si rangi ya kupaka kama ipakwayo milangoni. Ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma mpaka kikashikamana nacho. Waarabu hukiita mina, na mafundi wa Bara Hindi na Uajemi huiita kazi yenyewe minakari. Kazi ya bakuli na kazi ya bangili asili yake ni moja, ila ya bangili ni ndogo zaidi na ngumu zaidi.

Fundi hutwaa mchanga mweupe safi, magadi na mara nyingi risasi, akaviyeyusha pamoja vikawa kioo. Ndani ya kioo hicho hutia kutu za madini ili zilete rangi. Kutu ya shaba huleta kijani, na katika kioo chenye magadi mengi huleta rangi ya feruzi. Kutu ya chuma huleta manjano na hudhurungi, manganizi huleta zambarau, na bati huleta weupe usiopenya nuru. Dhahabu yenyewe, ikiyeyushwa kwa tindikali na kutiwa katika kioo kwa kiasi kidogo sana, huleta wekundu wa komamanga. Na buluu ile nzito huletwa na kobalti. Ikiwa haifikii hata sehemu moja katika mia, hutosha kukigeuza kioo chote. Nawaomba wasomaji walishike neno hili kobalti, maana nitalirudia nitakapofika kwetu.

Kioo kikipoa husagwa katika kinu mpaka kiwe kama unga, kikaoshwa kwa maji mara nyingi hata maji yatoke safi. Kisichooshwa vizuri hutoka na ukungu. Unga ule mbichi huwekwa juu ya chombo kwa ncha ya unyoya au brashi nyembamba, ukakaushwa taratibu, maana maji yakibaki ndani hutokota na kuurusha unga wote. Kisha chombo huingizwa tanurini katika moto wa digrii 750 hadi 850 za sentigredi, kikakaa dakika chache tu. Fedha safi huyeyuka kwa digrii 961. Tazameni jinsi nafasi ilivyo nyembamba: fundi akizidisha moto kidogo amepoteza kioo na fedha pamoja. Wala hatii moto mara moja. Hutia, akatoa, akajaza palipobonyea, akarudisha tena. Rangi zinazostahimili moto mkali hutangulia, na zilizo dhaifu hungoja nyuma. Mafundi wa Jaipur huiweka nyekundu mwisho, kwa kuwa ndiyo iharibikayo upesi.

Ili rangi zisichanganyike ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kusimamisha nyaya nyembamba za dhahabu au fedha juu ya bamba, kama kuta za vyumba, na kila chumba kikapata rangi yake. Ya pili ni kulichimba bamba lenyewe kwa patasi ndogo, na kioo kikakaa ndani ya mashimo. Bangili ya yule mama ilikuwa ya njia hii ya pili. Nalijua baadaye, kwa kukumbuka jinsi fedha ilivyobaki na mashimo baada ya kugongwa, mfano wa ufizi uliong'olewa meno.

Sanaa hii ni ya kale. Katika Kouklia, kisiwani Cyprus, zilifukuliwa pete sita za dhahabu zenye enameli zipatazo umri wa miaka zaidi ya 3,000. Lakini habari inayonipendeza mimi ni ya Meroe, katika nchi ya Sudan. Mwaka 1834 tabibu mmoja wa Kiitalia, Giuseppe Ferlini, aliyekuwa akitafuta hazina tu, aliibomoa piramidi ya malkia Amanishakheto, aliyetawala yapata miaka elfu mbili iliyopita. Akatoa humo bangili pana za dhahabu zilizojazwa kioo cha buluu, kijani na nyekundu kati ya kuta nyembamba za dhahabu. Alipozipeleka Ulaya, watu wengi hawakusadiki kuwa kazi nzuri namna ile imetoka katika nchi ya watu weusi. Mwisho zilinunuliwa kwa mafungu, nyingine zikaenda Munich na nyingine Berlin, na huko ziko hata leo.

Nimeitaja Meroe kwa makusudi. Maji ya mto wetu Nyamwamba huteremka kutoka Rwenzori mpaka Ziwa George, yakapita mfereji wa Kazinga kuingia Ziwa Edward, yakafuata Semliki hadi Ziwa Albert, na huko yakawa Nile, ambayo hupita kando ya Meroe kabla ya kufika Misri. Na miongoni mwetu wamo wajukuu wa askari wa Kisudani ambao Lugard aliwaingiza Toro mwaka 1891, watu waliofuata maji hayo hayo kwa kuyapanda. Sidai kwamba walikuja na enameli. Nasema tu kwamba anayeiita sanaa hii ya Wazungu hakuitafuta asili yake.

Uislamu ulipoenea, mafundi wa miji yake waliipokea kazi hii na kuiendeleza. Cairo ya Mafatimi, walioitawala Misri tangu 969 mpaka 1171, ilikuwa na mafundi wa vidani vya dhahabu vyenye vipande vidogo vya enameli, vingine havizidi ukucha. Iko pia sahani ya shaba nyekundu, imefunikwa enameli pande zote, yenye jina la amiri Dawud wa nasaba ya Artuq, aliyekufa mwaka 1144. Sasa imehifadhiwa Innsbruck, katika nchi ya Austria. Mafundi wa Sham na Misri nao wakaigeuza kazi, wakapaka enameli juu ya kioo badala ya madini. Hivyo zikapatikana zile taa za misikiti za wakati wa Mamluki, ambazo nuru yake ilipita katikati ya maandishi. Na huko Uajemi, mwaka 1301, Abu'l-Qasim wa Kashan aliandika risala juu ya ufinyanzi na rangi zake, akalitaja jiwe la buluu litokalo Qamsar, ambalo mafundi waliliita la Sulaimani. Jiwe hilo ndilo kobalti. Wazungu hawakuijua kuwa ni madini ya peke yake mpaka miaka ya 1730, ilipobainishwa na Georg Brandt wa Sweden.

Granada ilipoanguka mwaka 1492, Waislamu na Mayahudi wengi wa Andalusi walivuka kuja Afrika ya Kaskazini. Wataalamu wengi huona kuwa wao ndio waliopeleka enameli katika milima ya Kabylia, nchini Aljeria, na kusini ya Morocco upande wa Tiznit. Katika vijiji vya Beni Yenni kazi hii ingaliko. Ni fedha, nyaya za fedha, enameli ya buluu, kijani na manjano, na katikati marijani nyekundu. Wale ni watu wa milimani kama Wakonzo, wakulima wa miteremko, wala hawakuwa na sultani wa kuwaagiza kazi. Wake zao ndio waliovaa. Hapo pana funzo kwa wanaodhani kwamba sanaa nzuri haina budi kuzaliwa katika jumba la mfalme.

Bara Hindi, mambo yalikuwa ya wafalme hasa. Husimuliwa kuwa Raja Man Singh wa Amber, aliyekuwa jemadari wa Akbar, ndiye aliyewaleta mafundi wa enameli kutoka Lahore mwishoni mwa karne ya 16, na kutoka kwao ikatokea sifa ya Jaipur. Mtindo wao una jambo la ajabu: uso wa mbele wa kidani hujaa vito, na enameli huwekwa nyuma, upande unaogusa ngozi, usioonekana na mtu ila mwenye kuvaa. Faida yake ni kuilinda dhahabu laini isichakae. Na pengine yako mambo mengine, ambayo mke na mume huyajua.

Kutoka Bara Hindi masonara walivuka bahari wakaja Zanzibar, Mombasa na Lamu. Mapambo ya fedha ya pwani, yaani kekee, timbi, furungu na vipini, uzuri wake, kwa kadiri nilivyoyaona, ni katika kuchora na kusuka waya, na rangi huonekana kwa uchache. Lakini enameli ilifika mpaka kifuani mwa wakuu. Mwaka 1875, mwaka ule ule aliozuru Uingereza, Sayyid Barghash bin Said aliweka nishani ya Nyota Ing'arayo, yenye enameli. Waliofuata walizidi kuwatunukia watu nishani hiyo, hata yalipotokea mapinduzi ya Januari 1964.

Kwetu huku bara, wafanya biashara wa pwani walifika kabla ya Wazungu. Ahmed bin Ibrahim alikuwa katika baraza ya Kabaka Suna mwaka 1844. Bidhaa zao zilikuwa nguo, bunduki, shanga, na masango ya shaba ambayo watu waliyapinda wakafanya bangili. Kioo kilikuja katika shanga, na madini yakaja katika masango. Vyote viwili vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, wala havikuunganishwa motoni. Baadaye reli ilifika Kampala mwaka 1931, masonara wakaifuata, na maduka yao yakaenea miji ya Uganda. Mwaka 1972 Waasia walipopewa siku tisini waondoke, masonara nao wakaondoka, na tanuri zao zikazimika. Kijana aliyekuwa akivuta mvukuto katika duka la sonara hakuwa amefundishwa siri ya kupima moto. Nadhani kwa sababu hiyo bangili ile ilipofika sokoni miaka ishirini baadaye, hapakuwa na mtu aliyeitambua, wala mimi.

Sasa nirudi kwa kobalti. Madini ya shaba ya Kilembe yalitambuliwa na wageni mwanzoni mwa karne ya 20, wakati msafara wa Mtawala wa Abruzzi ulipopanda Rwenzori mwaka 1906 na katika miaka iliyofuata. Mgodi ulianza kutoa shaba mwaka 1956, na mwaka huo huo reli ikafika Kasese. Mji huu ulikua juu ya shaba. Wazee wengi ambao majina yao yamo katika kijitabu hiki walikuja hapa kwa ajili ya mgodi, na mshahara wa mgodi ndio uliojenga nyumba zao. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa, kisha ikaenda Mombasa na ng'ambo. Na yale masalio yenye kobalti yalilundikwa hapa hapa Kasese mwaka baada ya mwaka, mpaka yakafika karibu tani milioni moja. Mgodi ulipolala mapema katika miaka ya 1980, lundo lilibaki. Mvua ikaliosha, na maji yake makali yakateremka bondeni kuelekea mbuga ya wanyama, yakaua majani yote njiani. Mwaka 1999 kilianza kiwanda cha kuitoa kobalti kwa kutumia vijidudu vidogo vinavyokula madini, nacho kikafanya kazi mpaka lundo likaisha.

Kwa hiyo tumeishi miaka mingi kando ya vitu viwili vya lazima katika kazi ya enameli: shaba nyekundu, ambayo huipokea enameli vizuri kuliko shaba ya manjano, na kobalti iletayo buluu. Vyote viwili tulivichimba, tukavibeba, tukavipakia garini. Alilotuachia lundo ni mto wenye uchungu. Mafuriko ya Nyamwamba ya 2013 na ya 2020 yamezidisha habari hiyo, lakini wengine wameiandika katika kurasa zao.

Limebaki swali la zaka na la bei, nami nitaeleza kwa ufupi kwa kuwa akina mama huniuliza. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu twaifuata, kauli yenye nguvu ni kwamba pambo la halali la mwanamke, alivaalo kwa desturi, halina zaka. Kwa Mahanafi lina zaka, lakini huhesabiwa fedha au dhahabu peke yake, na kioo hakihesabiwi. Kiwango cha fedha ni dirhamu 200, karibu gramu 595, na cha dhahabu ni mithkali 20, karibu gramu 85. Tola moja haifiki gramu 12. Bangili ya tola tano ilikuwa gramu sitini. Mama yule, ambaye hakuwa na mali nyingine, hakudaiwa kitu kwa madhehebu yoyote. Aliishi miaka arobaini na hofu ya deni lisilokuwapo, nami nilipoulizwa sikumwondolea.

Ama kuhusu bei, imo katika hadithi sahihi habari ya Fadhala bin Ubaid. Alinunua Khaibar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari kumi na mbili, na alipokitenganisha akakuta dhahabu yake peke yake imezidi dinari hizo. Mtume, rehema na amani zimshukie, akakataza kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Nilipoisoma mara ya kwanza nalifurahi, nikasema, basi yule mwenye nyundo alitenda haki! Baadaye mwalimu wangu mmoja alinizindua. Katazo lile ni la dhahabu kwa dhahabu na fedha kwa fedha, ili pasiingie riba. Anayeuza bangili kwa shilingi za karatasi, mkono kwa mkono, anaweza kuiuza nzima, pamoja na kioo chake na kazi ya fundi, kwa bei yoyote waliyoridhiana. Hapakuwa na haja ya nyundo. Ilikuwa haja ya mtu wa kusema, “Bwana, subiri.” Nami nilikuwa nimesimama pale.

Mwaka jana nilichukua baadhi ya vipande vya buluu katika kile kiberiti, nikavisaga, nikavipeleka kwa mhunzi mmoja tunayefahamiana, pamoja na kipande cha waya wa shaba tulichokipiga kikawa bamba. Mara ya kwanza ilitoka nyeusi, imejaa mapovu. Mara ya pili tulilisugua bamba kwa limau na mchanga, tukauosha unga mara saba, mhunzi akautazama moto kwa makini zaidi. Likatoka doa la buluu, kubwa kama punje ya dengu, nyufa mbili katikati.

Nilimpelekea yule mjukuu aliyelipiwa karo. Sasa ni mama wa watoto, naye ni mwalimu wa shule. Akaliweka katika kiganja, akalitazama sana. “Ni hiki tu, Sheikh?” akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, ni hiki tu, na vilivyobaki kiberitini ni vyako pia.